Bomba Lililopanda Mlima

Mji wetu una watu wa aina mbili: wanaovuta mnyororo wa choo wakasahau, na sisi tunaokumbuka kwa niaba yao. Mimi ni wa kundi la pili, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kwenye karatasi cheo changu ni Fundi Msaidizi wa Mtandao wa Majitaka, Daraja la Tatu. Mtaani wanasema mzibuaji. Kazini wananiita Mdomo, kwa madai kwamba hata nikiwa mita tatu chini ya ardhi na mfuniko umerudishwa, bado nasikika nikimtania mtu. Mwenzangu wanamwita Kimya. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili, na maneno yote aliyowahi kuniambia yanaenea nyuma ya bahasha, nafasi ya stempu ikabaki.

Bomba letu la zamani lilizikwa enzi ambazo mji ulikuwa na watu wachache kiasi cha kuweza kupokezana kwenda chooni. Watu wakazaana, maghorofa yakaota, bomba likabaki lilelile. Mvua ikinyesha, mifuniko ya chemba inainuka barabarani na kuchungulia, kama mpangaji aliyesikia mwenye nyumba anabisha hodi.

Basi wakubwa wakaamua jambo hili sasa basi. Ikafanyika semina. Ikafuata semina ya kutathmini semina. Watu kumi na wanne wakapanda ndege kwenda kuangalia majitaka ya wenzetu walioendelea, wakarudi na kofia. Mwishowe likaja bomba lenyewe, jeusi, laini ndani kama shavu la mtoto, upana wa sentimita sitini, litoke kilima cha hospitali mpaka kwenye mabwawa ya kusafishia nje ya mji. Bango likasimikwa: TUNAJENGA KESHO YAKO, SAMAHANI KWA USUMBUFU. Usumbufu ulifika siku ileile. Kesho ndiyo iliyochelewa kidogo.

Mkandarasi aligawa watu wake makundi mawili. Kundi la Juu lilianzia hospitali likichimba kushuka. Kundi la Chini lilikuja miezi minne baadaye, likaanzia kwenye mabwawa likichimba kupanda. Walipangiwa wakutane katikati, kwenye chemba moja kubwa, nje ya mlango wa shangazi yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Alinipokea nikiwa na miaka sita, akanilea kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa kwenye cherehani na haukuwa na nafasi. Anaishi na kushonea katika chumba kimoja kikubwa ambacho ukiingia unashuka ngazi tatu. Nyumba haikushuka. Barabara ndiyo iliyopanda, maana kila uchaguzi ukikaribia wanamwaga lami mpya juu ya ile ya zamani. Nyuma ya chumba, kwenye ua, kuna choo chake cha kuchuchumaa, kilichong'aa kuliko sahani za watu wengi ninaowafahamu. Bomba jipya lilipofika, alikuwa wa kwanza mtaani kuunganishwa, akapewa cheti: Mteja wa Mfano. Alikitundika ukutani juu ya pasi.

Wiki ile ya uzinduzi chumba kilikuwa hakina pa kukanyaga. Sare mia mbili na arobaini za shule ya msingi, zimekunjwa na kupangwa juu ya mikeka, blauzi huku, kaptura kule, sketi mpaka chini ya kitanda. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Mwaka uliotangulia kazi hiyo alipewa fundi mwingine, akachelewesha kwa siku mbili, na tangu hapo hajaletewa hata leso ya kupinda. Shangazi alikuwa amengoja zabuni ile miaka saba. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

Alhamisi tukatumwa, mimi na Kimya, kufagia chemba kwa ajili ya picha. Ila sisi wa zamani hatulikubali bomba mpaka lipitishe limau. Ndiyo mila yetu. Mmoja anasimama chemba ya juu, anamwaga maji na kutupia limau. Mwingine anasubiri chemba ya chini. Limau linaelea, linajiviringisha, na rangi yake unaiona hata gizani. Likifika, bomba limefaulu. Lisipofika, mkalitafute. Idara inayo kamera ya kisasa ya kupitisha mabombani, lakini iko stoo ndani ya nailoni yake, inamsubiri mwenye ufunguo arudi kutoka semina ya namna ya kuitumia.

Kimya akakaa chemba ya juu na gari la maji. Mimi nikashuka chemba ya shangazi, tochi mdomoni. Maji yakaja, masafi, yanakimbia vizuri. Limau likaja, manjano, limechangamka. Nikalipokea kwa shangwe. Limau likanizunguka miguuni mara moja, mara mbili, likasimama. Maji nayo yakasimama. Nikamulika mbele. Mdomo wa bomba la Kundi la Chini, unaotakiwa kupokea maji, ulikuwa juu karibu na kiuno changu. Bomba la Kundi la Juu, linaloleta maji, lilikuwa chini magotini. Kati ya mabomba hayo mawili mtu mwenye mikono mizuri kabisa alikuwa amepaka ulimi wa zege, laini, wa kupanda, kana kwamba majitaka ni mbuzi.

Nikapima kwa mkono. Kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, pungufu kidogo. Sentimita arobaini.

"Funga maji!" nikapiga kelele. Kimya yuko mita themanini, na gari linanguruma. Maji yakazidi kupanda, yakatafuta pa kwenda, yakapaona: kibomba cha pembeni kinachotoka kwa Mteja wa Mfano. Limau likageuka, likaingia humo kama mkwe anayejua njia.

Nilikuwa bado napanda ngazi za chemba nilipomwona shangazi mlangoni. Ameshika koleo la mkaa, na ndani ya koleo limo limau.

"Mwanangu," akasema, kwa ile sauti ya upole inayotangulia kipigo, "hili limetoka chooni kwangu."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimesema limetoka chooni kwangu. Limepanda na maji, likakaa pale linanitazama. Idara yenu sasa inagawa matunda?"

"Ni jaribio, shangazi. Maji ni masafi."

"Na Jumamosi?"

Jumamosi lango la bomba pale hospitali, chuma kinachozuia majitaka, lingefunguliwa, na mji wote wa juu, hospitali yenyewe, soko, mabweni ya chuo, ungeteremka kwa mara moja kwenye bomba jipya. Ungefika mlangoni kwa shangazi, ungekutana na mlima wa zege, na ungefanya lilichofanya limau. Tofauti ni kwamba limau lilikuja peke yake.

Mhandisi wa mradi nilimkuta kwenye kontena lake lenye kiyoyozi. Ni kijana wa heshima, viatu vyake havijawahi kuona udongo isipokuwa kwenye picha. Akanisikiliza, akageuza kompyuta nitazame. Kwenye kioo kulikuwa na mji wetu, msafi usioutambua, na mishale ya buluu ikiteremka kutoka hospitali hadi mabwawani.

"Unaona, mzee? Yanashuka."

"Nayaona. Sasa tufanye mpango majitaka yapite humo kwenye kompyuta."

"Vimo vyote vimepimwa mara mbili."

"Na mimi nimevipima mara moja, kwa mkono huu. Bomba lako linapanda, mhandisi."

"Mkono si kifaa kilichothibitishwa," akasema, akarudi kwenye mishale yake.

Nikatoka nikiongea peke yangu. Kimya alikuwa amekaa kwenye bampa ya gari, anamenya muwa. Nikamweleza yote, na jinsi ambavyo haiwezekani watu waliosoma, makundi mawili, wote wanapima vizuri, wakosane kwa sentimita arobaini. Kimya akatema makapi.

"Baraza," akasema.

Nilisimama pale barabarani nikaelewa kila kitu.

Ni hivi. Pale makao makuu ya idara, kwenye ngazi ya mlango, kulikuwa na kitufe cha shaba, kipana kama kifungo cha koti, kimepigiliwa sakafuni tangu enzi za bomba la zamani. Kitufe kile ndicho baba wa vimo vyote mjini. Kimo chake kimeandikwa kwenye vitabu, na kila mpimaji anayetaka kujua bomba lake liwe chini kiasi gani anaanzia pale. Kundi la Juu walianzia pale. Kisha, kabla ya Kundi la Chini kuja, ikasemekana mgeni rasmi atapita makao makuu, na mvua ikinyesha pale mlangoni huwa panatuama maji. Itakuwaje idara ya maji machafu imlowanishe mgeni rasmi viatu? Baraza likajengwa upya haraka. Likainuliwa kama sentimita arobaini, likawekwa vigae vyenye maua, kisha Kundi la Chini nao wakaja kuanzia palepale.

Fundi wa vigae nilimpata kwenye kibanda chake nyuma ya stendi, anakata kigae kwa mashine, kichwa kizima cheupe kwa vumbi.

"Kile kitufe cha shaba," nikamwambia. "Pale barazani. Kilikwenda wapi?"

Akazima mashine. Uso ukachanua. "Kumbe uliona! Hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia asante, ndugu yangu. Fundi mwingine angekifukia kule chini na zege, akaenda zake. Mimi nikasema hapana, hiki ni kitu cha kumbukumbu. Nikakibandua polepole, nikakisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikawaka, nikakipachika juu, katikati ya ua la kigae. Pale hasa! Sikukisogeza hata upana wa ukucha, kushoto wala kulia."

"Kushoto wala kulia hukukisogeza."

"Hata kidogo."

"Na juu?"

"Juu ni baraza tu lilipanda," akasema. "Kwani vibaya?"

Ningemkasirikia, lakini katika mradi mzima ule, kutoka semina ya kwanza hadi kofia, yeye ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake kwa upendo. Nikamwambia amefanya vizuri mno. Ndiyo shida yenyewe.

Meneja wetu ni mtu mwema. Hajawahi kumuumiza mtu yeyote kwa uamuzi wake, maana hajawahi kuamua. Ijumaa asubuhi nilimkuta anajaribu tai mbele ya kioo cha kabati la mafaili. Nikamweleza kitufe, baraza, Kundi la Chini, ulimi wa zege, limau. Akafungua tai, akafunga tena.

"Unajua baraza lile limejengwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya viatu vya mgeni rasmi."

"Kwa hiyo unataka nikamwambie mgeni rasmi kwamba viatu vyake ndivyo vilivyoharibu bomba."

"Mwambie ni kitufe."

"Tutaunda kamati."

"Lini, meneja?"

"Baada ya uzinduzi, kwa utulivu."

"Na majitaka tuyaombe yasubiri kamati?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mdomo, unajua kwa nini miaka kumi na tisa hujapanda daraja?"

"Nadhani na mimi Kundi la Chini waliniwekea mlima mbele."

Hakucheka. Akaniambia kesho niwe kwenye chemba ya lango saa tatu na nusu, nimevaa ovaroli safi, na nikisikia kisigino chake kimegonga mfuniko mara tatu nifungue. "Ukishindwa," akasema, "barua yako ya kuachishwa kazi itatoka bila kamati."

Hapo ndipo nilipopata nafuu kidogo. Kumbe idara yetu inaweza kufanya jambo moja haraka.

Mchana nikaenda kwa shangazi na magunia. Nilimkuta anapiga vifungo, miwani puani, sindano mdomoni.

"Shangazi, tuhamishe sare."

"Zihamie wapi? Kichwani kwako?" Akatoa sindano. "Mvua inanyesha kila jioni. Kwa jirani pamejaa, kanisani wamefunga. Mia mbili na arobaini, mwanangu, na vifungo bado thelathini."

"Basi kesho nitaziba kibomba chako. Nina kizibo cha mbao, hata tone halitapita."

"Ukiziba kwangu, yataenda wapi?"

"Yataenda... kwa mama wa mapacha."

"Na ukiziba kwake?"

"Kwa kinyozi."

"Kwa hiyo kazi uliyosomea ni kuchagua nani aoge." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Hebu nieleze, mtu anawezaje kukosea kitu kikubwa hivyo?"

Nikaanza habari za kitufe na vimo. Sikufika mbali.

"Mteja amepimwa suruali amesimama juu ya kigoda," akasema, "na fundi akapima mguu kuanzia sakafuni."

Nimekaa kwenye semina tatu za idara, na hakuna aliyewahi kueleza jambo kwa sentensi moja ambayo mtu anatoka nayo mlangoni.

"Na hilo lango la kesho," akaendelea, "nani analifungua?"

"Mgeni rasmi, shangazi. Atazungusha gurudumu."

"Nimeuliza nani analifungua. Sikuuliza nani anapigiwa makofi."

Nikakaa chini kwenye kaptura za darasa la pili. Gurudumu la mgeni rasmi lilikuwa jukwaani, limepakwa rangi ya dhahabu, limefungwa utepe, na halikuunganishwa na kitu chochote kile isipokuwa jukwaa. Lango la kweli lilikuwa chini yake, chuma kizito chenye kutu mpya, na lilizungushwa kwa nondo na watu wawili wa Daraja la Tatu.

"Mimi na Kimya," nikasema.

"Hm," akasema shangazi, akatafuta kifungo kingine. Hakuniambia nifanye nini. Angeniambia ningepata wa kumlaumu.

Jumamosi jua lilitoka mapema kana kwamba nalo limealikwa. Bendi ikapiga. Wanafunzi walipangwa juani kushangilia usafi. Sisi tulikuwa chini ya jukwaa, ndani ya chemba, tukitazama miale inayopenya kwenye matundu ya mfuniko. Nondo ilikuwa tayari kwenye kichwa cha lango.

"Kimya," nikasema, "wewe umebakiza miezi minne ustaafu. Panda juu. Nitasema tumbo lilikukata."

Kimya akatazama nondo. Akatazama ngazi. Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumwona akifanya saa za kazi: akaketi. Akaketi juu ya nondo yenyewe, miguu ikining'inia, akakunja mikono.

"Mtu akitaka lifunguliwe, aniinue," akasema.

Maneno manne. Bahasha ikajaa.

Juu yetu hotuba zilipita moja baada ya nyingine. Mtaalamu mmoja akasema bomba hili litamkomboa mwananchi. Mwingine akasema litafungua fursa. Mgeni rasmi akasema majitaka hayana chama, watu wakapiga makofi sana, nadhani kwa sababu kivuli kilikuwa kimefika upande wao. Kisha ngoma ikalia, na gurudumu la dhahabu likaanza kuzunguka.

Ko, ko, ko, kisigino cha meneja.

Hatukusogea.

Ko! Ko! Ko!

"Atavunja kiatu," nikanong'ona.

Huko juu wakashangilia. Bendi ikafyatuka. Bomba jipya la mji lilikuwa limezinduliwa rasmi, bila tone hata moja, na lilikuwa linafanya kazi kwa ufanisi ambao haujawahi kuonekana: hakuna harufu, hakuna kuziba, hakuna malalamiko. Ingeishia hapo sote tungerudi nyumbani mashujaa. Lakini mgeni rasmi alikuwa mtu wa kupenda kusikia matokeo ya kazi yake.

"Naomba mfungue hapa," tukasikia sauti yake, karibu kabisa. "Nataka niyasikie yakipita."

"Mheshimiwa," sauti ya meneja ikadakia, "huu ni mfumo wa kisasa. Hauna sauti."

"Fungua."

Mfuniko ukainuka. Mwanga ukatumwagikia, na ndani ya mwanga kichwa kikubwa chenye miwani ya jua, na vichwa vya waandishi wa habari na kamera zao pembezoni kama wali ulioshikana na sufuria. Mgeni rasmi akatega sikio. Akatutazama.

"Nyie mabwana huko chini, mbona kimya?"

"Naam," akaitika Kimya.

"Maji yako wapi?"

Meneja alikuwa nyuma yake, ananitikisia kichwa kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na mdudu sikioni. Nilimwona. Niliiona pia barua yangu, imeshapigwa muhuri. Na niliziona sketi chini ya kitanda.

"Hatujafungua, mheshimiwa. Tukifungua yatapanda mlima yashindwe, yaingie nyumbani kwa watu."

"Mlima gani?"

"Mteja alipimwa suruali juu ya kigoda," nikasema, "na fundi akapima kuanzia sakafuni." Nikamweleza, kwa sauti, kitufe na baraza na viatu vyake. Mdomo ukishafunguka siwezi kuuzungusha nyuma.

Mgeni rasmi akavua miwani. Nilidhani ananitazama mimi, kumbe anahesabu kamera.

"Ningefungua," akasema polepole, "yangetokea kwa nani?"

"Kwa shangazi yangu. Halafu kwa mama wa mapacha. Halafu kwa kinyozi. Na picha zako, mheshimiwa, zimebandikwa kwao wote."

Sijawahi kuona mtu anafikiri kwa kasi ile. Akasimama wima, akageukia kipaza sauti, na tukamsikia akitangaza kwa ujasiri mkubwa kwamba, katika ukaguzi wake wa kushtukiza, yeye mwenyewe amegundua kasoro ya kitaalamu, na anaahirisha ufunguzi kwa maslahi ya wananchi. Makofi yakawa makubwa kuliko ya mwanzo. Bendi ikarudia wimbo. Nadhani ndilo bomba pekee duniani lililopigiwa makofi kwa kufunguliwa na kwa kutofunguliwa, ndani ya nusu saa.

Jumatatu sare zikaenda shule, kavu, mia mbili na arobaini, vifungo vyote. Mimi sikuachishwa kazi, kwa kuwa ingebidi waandike sababu. Nilipewa onyo la maandishi kwa "kuzungumza na mgeni rasmi kutoka chini yake". Kimya alipata la kwake kwa "kutumia mali ya umma kama kiti". Kitufe kilirudishwa mahali pake pa zamani, chini, ndani ya kishimo katikati ya vigae, na kila mkubwa anayeingia makao makuu humo ndimo kisigino chake kinamochomoka. Kundi la Chini likafukua bomba lake lote. Miezi saba mtaro ulikuwa wazi mbele ya mlango wa shangazi, na wateja walimfikia kwa kupita juu ya ubao, mikono wameinyoosha kama kunguru.

"Bora ungeyaacha yaje," alikuwa akinipigia kelele kutoka ng'ambo. "Yangekuja, yangeondoka! Hawa jamaa zako wamehamia!"

Siku ya kufungua kwa kweli ilikuwa Jumanne, na haikuwa na jukwaa. Mgeni rasmi alikuwa anazindua daraja mahali pengine. Kimya, ambaye alikuwa ameshastaafu, alikuja na shati la kupigwa pasi, akashika nondo bila kuombwa. Mimi nilikuwa chooni kwa shangazi, nimepiga magoti, sikio sakafuni. Yeye alisimama mlangoni, ndoo na ufagio mkononi, majora mapya ya kitambaa yamepandishwa juu ya meza na viti. Alikuwa amekataa kwenda kwa jirani.

"Kama kitu kitapanda," alisema, "kinikute nipo."

Tukangoja. Kitambo cha kwanza hakuna kitu. Kisha nikasikia, mbali, kama watu wengi wanaotoka uwanjani. Ikasogea, ikawa chini ya barabara, ikawa pale pale mlangoni. Nikatazama shimo. Maji kidogo yaliyokuwa mle yakatikisika, yakatulia.

Mvumo ukapita. Ukaendelea kushuka kuelekea mabwawani, bila kusimama.

"Nini hicho?" akauliza.

"Mji mzima, shangazi. Unapita hapo nje."

"Na haubishi hodi?"

"Haubishi."

"Wapite tu," akasema, akaweka ndoo chini. "Kuna wageni ambao heshima yao ni kutokusalimia. Haya, inuka chooni kwangu, unifungulie hayo majora. Nina kazi."